Kondoo wa Baba Mkubwa

Veronika mwanangu,

Wageni wameondoka, masufuria ya pilau yamelowekwa, na baba yako anakoroma kama trekta. Nimechana karatasi kwenye daftari lako la kidato cha pili na nimekaa jikoni. Mwandiko unaujua, usinicheke. Kesho nitasimama njiani nikupungie mkono, huo mmoja nilio nao, na ukifika stendi ya Karatu utakaa pembeni uisome barua hii kabla basi la Wasso halijaingia. Usiisome ukiwa kwenye gari la baba yako mkubwa. Nitakupa mkononi mbele yake, naye atadhani ni maombi.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, za kufunga mlango wala za wanaume. Maji umeyasomea chuo cha utabibu, mlango una komeo, na wanaume utawajua mwenyewe kama sote tulivyowajua. Sitakuambia hata uvae sweta, ingawa wanasema upepo wa Wasso unakata. Sweta na mimi tuna kesi ya zamani.

Nianze na lililo chungu, ili usidhani nakuzungusha. Wameukata mkono wa Filbert wa gereji ya baba yako mkubwa. Umekatwa jana, chini kidogo ya kiwiko, ule wa kulia kama wangu. Mama yake alinipigia simu wewe ukiwa umepiga magoti pale sebuleni, baba yako mkubwa amekuwekea kiganja kichwani anakuombea safari njema. Aliposema, "Huyu nimemsomesha kama niliyemzaa," wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga, simu ikiwa bado sikioni. Nikakuacha ukate keki, ukacheza, ukapigwa picha na binamu zako. Si kwa huruma. Nilikuwa nakuangalia mikono.

Daktari alimuuliza Filbert imekuwaje. Filbert akasema aliangukiwa na mti akikata kuni nyumbani kwao. Wewe na mimi tunajua hakuna mti.

Sasa nivumilie, maana ya Filbert hayaanzi kwa Filbert.

Hadithi ya mkono wangu uliisikia ikiwa imeoshwa. Ulikuwa hujaanza darasa la kwanza. Ilikuwa Julai, ukungu umelala juu ya Endamarariek mpaka karibu adhuhuri, na kila mtu shambani amevaa alichonacho: sweta juu ya sweta, blanketi limefungwa shingoni. Mashine ya kupukuchua mahindi ya baba yako mkubwa Bura ilikuwa imefika kwetu, na unajua inavyokuwa. Mashine ikifika kwako, majirani wote wanakuja, na lazima mmalize siku hiyo hiyo kwa sababu kesho yake imeahidiwa watu wa Daa. Hakuna anayekwenda kunywa chai. Kati ya trekta na mashine kuna shafti inayozunguka, na ile shafti ilikuwa na kifuniko cha bati siku iliponunuliwa. Kifuniko kilitolewa kwa sababu kila ukitaka kuweka grisi unapoteza muda kukifungua. Tulikuwa tunairuka, Vero. Wanawake wazima na mabeseni ya mahindi kichwani tunairuka kama mtu anavyoruka mfereji, ili tusizunguke trekta.

Mimi sikuruka. Niliinama kuokota mahindi yaliyomwagika chini yake. Nilichosikia kwanza ni sufu ya sweta kukaza, kama mtoto ananivuta nguo. Basi. Dereva alipozima, mkono ulikuwa bado wangu lakini haukuwa tena na umbo.

Wakanifunga kanga na kunipakia kwenye pikapu ya shemeji yangu Bura. Aliendesha anaomba kwa sauti, machozi yanamtoka kweli, sitaki kumzulia. Kisha katikati ya maombi akaniambia, "Shemeji, tukifika sema ng'ombe amekuvuta na kamba." Hivyo tu, halafu akaendelea kuomba pale pale alipoachia. Nami, nimeushika mkono wangu uliosagika ndani ya kanga, nikasema sawa.

Miaka yote nimejiuliza kwa nini nilisema sawa. Nilijidanganya kwamba niliogopa ataniteremsha njiani, na Bura hangeniteremsha. Nilijidanganya pia kwamba akili ilikuwa imetoka. Haikutoka. Daktari aliponiuliza ni ng'ombe gani huyo mwenye nguvu namna hiyo, nilimtajia mpaka rangi: mwekundu, mwenye baka jeupe ubavuni. Nilisema sawa kwa sababu yeye ni mkubwa wa ukoo na mzee wa kanisa, na mimi ni mke niliyeolewa, na niliona aibu kuwa mtu wa kuleta shida. Niliona aibu kuliko maumivu. Huo ndio ujinga wangu, na ningekuwa peke yangu niliyeulipia nisingekusumbua nao usiku wa mwisho.

Niliporudi nyumbani bila mkono akaja na kondoo. Unaijua desturi yetu: damu ikimwagika kati ya ndugu, kondoo anachinjwa uani kwa aliyeumia, na aliyeumia ndiye anayeanza kula. Ukishameza, umesema yameisha, na atakayelitaja tena jambo lile ndiye mbaya. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya kuazima. Wakaniletea mafuta ya mkia kwenye sahani. Nikala kwa mkono wa kushoto mbele ya wakwe, na bibi yako, Mungu amrehemu, akaninong'oneza kwamba kwa leo si kosa.

Nilipomeza, Bura akasimama, akasema Veronika ni wake kumsomesha, mpaka mwisho wa masomo. Baba yako akalia kwa kushukuru. Nilimwangalia akimshika kaka yake mkono kwa mikono yake miwili, mtu mwenye mikono miwili, nikamchukia kwa muda mrefu kidogo kuliko ninavyoweza kukuandikia. Lakini nisikudanganye. Na mimi nilishukuru. Nilikuangalia ukikimbizana na kuku pale uani, nikajiambia sawa, mkono umekwenda, mtoto atasoma. Nikaona nimefanya biashara nzuri.

Januari ukaanza shule. Jioni ulikuwa unaandika a, e, i, o, u hapa mezani, na mimi pembeni yako naandika hizo hizo kwa kushoto. Ulinishinda mapema. Ulikuwa unanisahihisha kwa kalamu nyekundu na kuniambia, "Mama, jitahidi." Hayo ni maisha mazuri niliyopata kutoka kwenye mkono ule, na siyakatai.

Kifuniko hakikurudi. Mavuno yaliyofuata mashine ilikuja na shafti yake ikiwa wazi vile vile, na watu wanairuka vile vile. Nilikasirika kwa siku chache, nikamwambia baba yako, baba yako akaniambia mambo yalikwisha, ulikula. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba Bura hata hakuwa na ukaidi. Kwake yeye mashine haikuwa na kosa lolote. Kila mtu Endamarariek alikuwa anasema mama Vero alivutwa na ng'ombe, mpaka waliokuwepo wakaanza kusema hivyo. Nani atafunga kifuniko kwenye mashine kwa sababu ya ng'ombe?

Mwaka ule shafti ikamchukua Mzee Tluway. Wewe unamkumbuka kama babu aliyekuwa anakupa miwa. Mwili wake ulikuwa umechoka, hakuna aliyemwita kazini tena, lakini alikuwa anafuata mashine shamba kwa shamba kukusanya magunzi, apate debe moja la mahindi jioni. Blanketi lake alilifunga fundo shingoni kama wazee wote wanavyofunga kwenye baridi hii. Dereva alizima haraka kuliko alivyozima kwangu. Haikusaidia, kwa sababu mimi nilivutwa mkono na yeye alivutwa shingo.

Unajua nani alitumwa kwa mjane wake? Bura aliniita, akaniambia, "Wewe umepitia, atakusikia." Nikaenda. Nilimkokota kondoo wa pili kwa kamba, kwa kushoto, kutoka kwa Bura mpaka kwa bibi Magdalena, watu wananiona njiani. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya Mungu. Bibi Magdalena alikuwa amekaa kwenye gunia, akaliangalia fundo la sweta yangu pale mkono unapoishia, akaangalia kondoo. Alisema kwa Kiiraqw, nakuandikia kwa Kiswahili.

"Ungesema, mume wangu angekuwa anakunywa uji."

Hakumpokea kondoo wala hakumfukuza. Kondoo akabaki uani anakula maganda ya ndizi, na siku ya tatu vijana wake wakamchinja kwa sababu msiba unalisha watu wengi na hawakuwa na kitu kingine. Bura alifurahi aliposikia ameliwa. Alisema basi yameisha.

Baada ya hapo kifuniko kilirudi. Ilibidi afe mtu ambaye hakuna aliyeweza kumsingizia ng'ombe.

Nimekuwa na jibu la bibi Magdalena kifuani tangu hapo. Naamka nalo. Nilidhani adhabu yangu ni hiyo, nilibebe mpaka nife. Halafu mwezi uliopita nikaona kitu jikoni kwangu, hapa hapa ninapoandika.

Walimleta Filbert jioni, yeye na vijana wawili wa gereji ya baba yako mkubwa. Gari la watalii lilikuwa linabadilishwa springi. Wageni wamelala hotelini, alfajiri wanatakiwa lango la Ngorongoro washuke kreta, na jeki ilikuwa inavujisha mafuta kwa muda mrefu, kila mtu anajua. Wakalipandisha gari kwenye mawe. Jiwe likateleza, Filbert akiwa ameingiza mkono. Bura alikuja nyuma yao, akasimama pale mlangoni, akasema, "Mtaalamu tunaye nyumbani, Karatu twende kutafuta nini?" Akacheka kidogo, na wewe ukacheka kidogo.

Ukavaa glovu. Ulinivutia, siwezi kukataa. Ulikuwa unafanya kazi bila kutetemeka, unamsemesha Filbert vizuri, unamuuliza mkewe atajifungua lini. Mimi nilikumulikia na simu. Nilikuwa karibu kuliko baba yako mkubwa, na niliona vidole vimekuwa vyeupe kama mshumaa, na Filbert akasema kwamba havisikii. Nikakwambia, "Vero, huyu aende hospitali." Ukaniambia, "Mama, ni michubuko, niachie kazi yangu." Ukaosha, ukafunga bandeji safi kabisa, ukaandika dawa za kununua dukani, naye Filbert akarudi kwao nao, ukamwozea polepole.

Usiniambie hukujua. Ulipokuwa unajisomea mtihani ulikuwa unanisomea mimi kwa sauti ili yakae kichwani, na ulinisomea kwamba mkono uliobanwa na kitu kizito, vidole vikipauka na kufa ganzi, haukai nyumbani hata usiku mmoja. Mimi nilikumbuka, na mimi sikufanya mtihani.

Ulijua. Lakini hukuwa unauangalia mkono wa Filbert. Ulikuwa unamwangalia aliyesimama mlangoni. Ulimwona mtu aliyekulipia shule na chuo, mzee wa kanisa, mkubwa wa ukoo, ukaona aibu kuwa mtu wa kuleta shida. Uso wako nilivyouona pale niliutambua, ulikuwa uso wangu kwenye pikapu. Yule kondoo hukumwonja ulipokuwa mdogo, ulikuwa na kuku wako. Umekuwa ukimla tangu hapo, darasa kwa darasa, na mimi ndiye niliyekuandalia sahani. Hilo ni langu, sikutupii. La Filbert ni lako.

Huko kazini Wasso watakuletea watu. Watakuletea mtoto aliyekanyagwa na ng'ombe wa mtu anaowachunga kwa malipo, mama aliyerukiwa na kipande cha kokoto jichoni akipasua mawe, mpishi wa kambi aliyelipukiwa na gesi, mzee mlinzi aliyevunjika nyonga akikimbiza fisi kwenye godauni la mtu. Na kila mmoja atakuja na mtu aliyevaa vizuri zaidi yake, mwenye gari, mwenye upole, anayejibu kabla hujamaliza kuuliza. Mtoe nje huyo. Mtoe kwa adabu au bila adabu. Halafu subiri, maana wa kitandani atakwambia kwanza uongo. Mimi nilitaja mpaka baka la ng'ombe.

Lakini huwezi kumtoa mtu wa Wasso kama umeshindwa kumtoa Bura. Ndiyo maana nakuandikia, na sasa nakwambia ninachotaka.

Filbert yuko hospitali hapo Karatu. Kutoka stendi ni mwendo mfupi, bodaboda yeyote atakufikisha. Basi lako likija, usipande. Nenda wodini na begi lako. Mwambie daktari, Filbert akisikia, kwamba hakukuwa na mti, kwamba ni gari la Bura juu ya mawe, kazini, na kwamba wewe ndiye uliyemfunga bandeji na kumwacha nyumbani. Sema jina lako. Mkono haurudi, najua. Lakini wale vijana wawili wanalala chini ya magari kwenye mawe yale yale mpaka sasa. Nani atanunua jeki kwa sababu ya mti?

Utaniuliza kwa nini nisiende mimi. Nimevaa viatu jioni hii mara mbili, nikavivua. Nikienda mimi bila wewe nitakuwa nimekushtaki mwanangu, na hilo siwezi. Nimejaribu, siwezi. Yangu ya ng'ombe nitayasema mwenyewe popote watakaponiita, ukishasema yako.

Nimefikiria yatakayofuata. Wanaweza kukuita, wakakunyang'anya leseni kabla hujaitumia hata siku moja, na kazi ya Wasso ikaenda kwa mwingine. Kitu pekee nilichopata kutokana na mkono wangu kinaweza kupotea kesho kwenye korido ya hospitali, na mimi ndiye ninayekutuma ukakipoteze. Baba yako hataniongelesha. Bura atasema nilizaa nyoka akamfuga yeye. Nimelifikiria lote nikiosha mchele wa sherehe yako, na bado nakuandikia. Nakupenda, Vero. Nakupenda mpaka najiogopa, na sijui njia nyingine ya kukwambia.

Hutanipigia simu kuniambia umeamua nini. Sitaki kusikia sauti yako ikinitafutia maneno.

Unajua kila Jumapili baba yako mkubwa anasimama mlangoni mwa kanisa kusalimia watu wakitoka. Kila mtu anampa mkono wa kulia. Mimi nampa wa kushoto, naye anaupokea kwa mikono yake yote miwili, anainama kidogo, watu waone unyenyekevu wake. Miaka yote hiyo hajawahi kuniruka.

Jumapili hii nitautoa kama kawaida. Akiupokea, nitajua ulipanda basi.

Mama yako